Jua la Sumbawanga na Mtaala wa Bweni

Tangu Januari 2024, mitaala mipya ya nchi ilipoanza kuingia madarasani hatua kwa hatua, kila shule ya Tanzania imelazimika kuipanga upya siku yake. Limeingia somo la Historia ya Tanzania na Maadili, mkondo wa amali umefunguliwa kando ya mkondo wa jumla, na mihutasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania imeandikwa upya. Shule za bweni za Kiislamu zina mzigo wa ziada, kwa sababu pamoja na mtaala wa serikali zinabeba mtaala wao wa dini. Kamati ya shule moja ya namna hiyo hapa mkoani Rukwa imeniomba mimi, mwalimu wa Jiografia niliyekulia Mazwi, mjini Sumbawanga, niwasaidie kupanga miaka minne, kidato cha kwanza hadi cha nne.

Rasimu waliyoniletea imechapwa vizuri. Kushoto yako masomo ya serikali, kulia masomo ya dini, chini jumla ya saa. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila ninapoisoma yananirudia niliyoyaona katika shule hizi, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye mwalimu. Katikati ya safu zile mbili sijamwona mtoto. Ndiyo maana nimeona niyaandike.

Ufipa, uwanda wetu huu wa Rukwa, ni nchi ya Wakatoliki. Mapadri Weupe walikaa Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, tangu 1885, na kutoka huko makanisa na shule zao zikapanda hadi uwanda wa juu. Uislamu ulikuja na biashara ya ziwa, Kirando, Kipili na Kasanga, kisha ukaingia mjini pamoja na wenye maduka, madereva na watumishi wa serikali waliohamishiwa huku. Sisi watoto wa Mazwi tuliwaona vijana wa Seminari ya Kaengesa wakishuka mjini siku za likizo, na tulijua kwamba wale wanasoma hesabu na dini chini ya paa moja. Kwetu mambo hayo yalikaa mbalimbali. Asubuhi shule ya msingi, jioni madrasa.

Madrasa yetu ilikuwa baraza la nyumba, mkeka na ubao mmoja. Ustadhi alikuwa mtu wa mwambao wa ziwa. Hakukuwa na darasa la kwanza wala la pili. Kila mtoto alikuwa na mahali pake katika juzuu. Akishindwa anarudia, akiweza anavuka. Mimi sura fupi nilisomeshwa na binti wa jirani aliyenizidi umri kidogo, kwa sababu Ustadhi alikuwa na watoto wengi na sauti moja. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyoandikwa mtaala, lakini mtaala ulikuwapo, na ulijua jambo moja ambalo shule nyingi kubwa hazilijui: kila mtoto amefika wapi. Kilichokosekana ni maana. Nilihitimu Juzuu Amma nikiwa sijui kwamba ndani yake imo sura inayomkemea mtu anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulisha maskini. Nilizijua herufi zake zote na sikujua kwamba inanihusu.

Nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa shule ya bweni ya Kiislamu Dar es Salaam. Barabara ya Tunduma wakati huo ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika, na binti wa Ufipa aliyefika pwani alikuwa ametoka mbali kwelikweli. Huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza dini ikifundishwa kwa sura, mada ndogo, maswali na insha, tena kwa Kiswahili. Mpangilio ule haukuota wenyewe. Katika miaka ya 1970 vijana wa sekondari Dar es Salaam walikusanyika kwa mwalimu wa hisabati mwenye asili ya Pakistan ambaye watu wanamkumbuka kama Profesa Malik, na kutokana na harakati hizo, iliyokuwamo Warsha ya Waandishi wa Kiislamu ya mwaka 1975, yakatoka maandishi na mafunzo yaliyomtazama kijana kama mtu anayefikiri. Somo likapata muhtasari, likapata kitabu, na leo Elimu ya Dini ya Kiislamu inatahiniwa na Baraza la Mitihani kidato cha nne.

Mimi ni tunda la kazi hiyo na ninaishukuru. Lakini somo lilipopata mtihani lilipata heshima pamoja na maradhi ya mitihani. Tulijifunza "taja na ueleze". Muhula mmoja tulikuwa kwenye mada ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa vumbi maji yanapokosekana. Tulikariri masharti, nguzo na yanayoitengua. Wiki ileile maji yalikatika bwenini, tukapanga foleni ya ndoo kwenye bomba moja alfajiri mpaka kukapambazuka, na wengine Sala ikawapita. Mwenzangu wa kitanda cha juu akamuuliza mwalimu darasani kwa nini tumefundishwa kutayamamu kama tunaachwa kwenye foleni mpaka wakati unatoka. Tuliambiwa tuandike notisi. Swali lile lilikuwa bora kuliko maswali yote ya mtihani wa muhula ule, na shule ya kutwa isingeweza kulizaa. Bweni ndilo linalolizaa, kwa sababu katika bweni mtoto anasomeshwa sharti asubuhi na anakutana nalo jioni. Shule ya bweni isiyoitumia nafasi hiyo imejenga mabweni bure.

Niliporudi Sumbawanga kufundisha, shule niliyoajiriwa ilikuwa imechukua ratiba nzima ya shule moja ya Dar es Salaam, saa kwa saa. Kuamka saa kumi na moja kasoro robo. Adhuhuri saa sita na nusu. Hakuna aliyejiuliza. Lakini Tanzania nzima inatumia saa zilezile, na jua halijui hilo. Dar es Salaam iko longitudo ya nyuzi 39 na kidogo Mashariki, Sumbawanga iko 31 na nusu hivi. Dunia inazunguka nyuzi moja kwa dakika nne. Tofauti ni karibu nusu saa. Kwa hiyo wasichana wetu waliamshwa na kukaa karibu saa nzima wakingoja adhana, katika mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Juni, vidole vikiuma kwa maji ya kutawadhia. Na saa sita na nusu waliitwa msikitini wakati jua bado halijapinduka.

Nilikuwa nafundisha longitudo na wakati kidato cha pili. Mwezi wa Mei niliwatoa uwanjani na fimbo ya mita moja. Tuliisimika wima, tukaipima kwa timazi ya fundi, na kuanzia saa sita na robo kila baada ya dakika tano msichana mmoja aliweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kilikuwa kimelala upande wa kusini, maana Mei jua linatupita kaskazini. Desemba kingelala kaskazini. Kokoto zilisogea karibu na fimbo, zikasogea, saa sita na nusu ikapita, bado zinasogea. Zilikuja kuanza kurudi nyuma kama dakika kumi kabla ya saa saba. Ustadhi wa Fiqhi alikuwa amesimama nasi. Akawaeleza kwamba hapo ndipo jua linapopinduka na Adhuhuri inaingia, na kwamba kivuli kile kifupi kabisa, zaidi ya nusu mita siku ile, kinajumlishwa na urefu wa fimbo ili kujua wakati wa Alasiri. Msichana mmoja wa Muze, bonde la Rukwa, akasema kumbe hii ndiyo hesabu ya kwenye kitabu. Alikuwa ameikariri mwaka uliotangulia bila kuona kivuli chochote.

Siku ya pili tulichukua dira. Dar es Salaam Kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Hapa kwetu ni kama nyuzi 15 mashariki ya kaskazini. Wakachora ramani, wakapima, wakabishana kuhusu misikiti ya mjini mpaka nikalazimika kuwatuliza, maana misikiti ina wazee wake na adabu zake. Ratiba ilibadilishwa. Adhuhuri ikawa saa saba na robo, na watoto wakapata usingizi wa ziada. Matokeo ya somo langu yalipanda, lakini sitadai kwamba ni kwa sababu ya fimbo. Mtoto aliyelala anasoma vizuri zaidi, basi.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitazama kwa macho mengine zile safu mbili, ya serikali na ya dini. Vipindi tisa vya dakika 40 ni saa sita. Baada ya Alasiri dini saa mbili, baada ya Magharibi darsa, baada ya Isha prepo. Jumla inafika saa kumi na zaidi za kukaa kwenye dawati kwa mtoto wa miaka 14, kabla hajafua soksi wala kuandika barua nyumbani. Walimu wa dini walilalamika kwamba wanafunzi wanasinzia kwenye Hadithi. Walimu wa sayansi walilalamika kwamba wanasinzia kwenye Kemia. Kila upande uliomba vipindi vya nyongeza, na mtoto akalipa kwa usingizi.

Mambo mengi katika safu hizo yanafundishwa mara mbili, na mara nyingine kwa mpangilio usiomfaa mtoto. Katika muhtasari wa Biolojia tuliokuwa tukiutumia, mada ya uzazi ilikuja kidato cha tatu. Wasichana walio wengi huvunja ungo kidato cha kwanza, wengine kabla. Fiqhi inaanza na tohara, yaani usafi wa ibada, na ndani yake imo hedhi, kwa hiyo somo la dini lilikuwa limetangulia kwa miaka miwili pale ambapo msichana ana haja nalo. Lakini lilifundishwa na mwanamume mwenye haya, kwa Kiarabu kilichofasiriwa haraka, na wasichana wakainamisha vichwa. Nilimwomba matroni, mama mtu mzima aliyewahi kuwa muuguzi, aingie darasani pamoja na mwalimu wa kike wa Biolojia, wakalisoma somo la tohara kwa pamoja, hukumu kwa hukumu na kiungo kwa kiungo. Kipindi kile hakuna aliyesinzia.

Zaka ya mazao nayo ina habari yake. Kitabu kilisema juu ya tende na ngano, na juu ya wasaki tano. Wanafunzi wangu ni watoto wa mahindi, maharage na ulezi. Mwalimu wa Hisabati na Ustadhi walikaa pamoja wakageuza kipimo: nisabu, kiwango kinachowajibisha zaka, inafika kama kilo 653, yaani magunia sita na nusu hivi ya kilo mia. Shamba la mvua linatoa sehemu moja ya kumi, la kumwagilia kwa gharama nusu ya hiyo. Mtu aliyevuna magunia 40 kwa mvua anatoa manne. Wasichana walikwenda likizo ya Juni, ambayo Ufipa ni msimu wa mavuno, wakiwa na daftari. Walirudi na hesabu za makwao. Mmoja alisema baba yake alimwambia asimletee hesabu za shule ghalani. Mwingine alisema babu yake wa Laela alipima upya, akatoa, akamtuma yeye mwenyewe apeleke gunia kwa mjane wa jirani. Nimewasomesha wengi kuchora grafu za mavuno ya wilaya, ila sijui kama grafu yoyote kati ya hizo iliwahi kutoka darasani ikafika ghalani.

Mirathi ni vilevile. Mume amefariki ameacha mke, mtoto wa kiume na wa kike wawili. Mke thumuni, kinachobaki mwanamume mafungu mawili na kila binti moja. Gawa kwa 32: mke 4, mwana 14, mabinti 7 kwa 7. Hakuna zoezi la sehemu ambalo msichana atalifanya kwa makini kuliko hilo, maana kesho atakaa kikaoni na wajomba na baba wadogo, na wengi wao watategemea kwamba hajui.

Kuna wanaohofu kwamba kuunganisha namna hii kutaipunguza dini. Ustadhi mmoja niliyemheshimu sana aliniambia, "Mwalimu, mkichanganya kila kitu, Qurani itakuwa mfano wa kwenye Jiografia." Hofu yake ni ya haki. Kuhifadhi hakuunganishwi na chochote. Kunataka wakati wake, sauti yake na mtu wa kusikiliza, na wakati bora ni baada ya Alfajiri. Saa hiyo nisingependa iguswe na somo lolote. Na katika saa hiyo niliikumbuka madrasa yetu ya barazani. Watoto wa bweni hufika wakiwa hawalingani. Wa Kirando ameshahitimu msahafu. Wa kijiji cha juu, ambaye wazazi wake wamesilimu juzi, hajui alifu. Tulikuwa tukiwapanga kwa kidato, wote wanaanza Juzuu Amma, mmoja amechoka na mwingine amezama. Tukavunja vidato kwa saa ile moja tu, tukapanga makundi kwa ngazi, wa kidato cha kwanza akamsikiliza wa kidato cha tatu na kinyume chake. Wa Kirando akawa mwalimu. Yule wa alifu naye alikuwa na zawadi yake: alikuwa anauliza maana, jambo ambalo wenzake waliozaliwa ndani ya Uislamu walikuwa wameliacha zamani.

Suala la nini kitangulie ni la kale. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah yake ya karne ya 14, aliandika kwamba watu wa Maghribi waliwafungia watoto kwenye Qurani peke yake, wakati wa Andalusia waliichanganya na uandishi, lugha na mashairi. Akataja pia rai ya Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi, kwamba mtoto aanze na lugha na hesabu ndipo aende kwenye Qurani akiwa na uwezo wa kuielewa. Ibn Khaldun aliisifu rai hiyo, kisha akaeleza kwa nini watu hawaifuati: wanachelea mtoto asije akakatishwa masomo na mambo ya dunia kabla hajaigusa Qurani. Wazazi wa Ufipa wana hofu hiyohiyo, na binti anayeozwa kidato cha pili ndiye ushahidi wao. Hofu ya namna hiyo mpangaji wa mtaala haipuuzi.

Lugha ndiyo iliyonishughulisha kuliko yote. Msichana wa Ufipa ana Kifipa nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, Kiingereza ghafla kidato cha kwanza, na Kiarabu juu yake. Nimeingia madarasa mengi ya Fizikia ambako hakuna mkono unaonyooshwa. Darasa la Elimu ya Dini ya Kiislamu, linalofundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili, lilikuwa mahali pekee pa kubishana. Huko ndiko msichana alikosema "sikubali, kwa sababu". Pondok ya Gontor, shule ya bweni ya Kiislamu ya Indonesia, iliyofunguliwa 1926 na kuanzisha mafunzo yake ya sekondari 1936, huwafanya wanafunzi waishi kwa Kiarabu na Kiingereza kwa zamu, majuma ya lugha moja kisha ya nyingine, bwenini na uwanjani. Jambo hilo linawezekana kwenye bweni, na ningependa tulijaribu. Lakini lisiliguse darasa lile la Kiswahili. Wako kamatini wanaotaka somo la dini nalo lifundishwe kwa Kiingereza ili shule ionekane ya kisasa. Nimewaambia waziwazi kwamba wakifanya hivyo watakuwa wamefunga mlango mmoja uliokuwa wazi.

Kwa hiyo sijairudishia kamati safu mbili. Nimewaandikia siku moja, ya mtoto mmoja, kuanzia adhana ya Sumbawanga hadi taa kuzimwa, na pembeni nimeweka mada za serikali na za dini pale zinapokutana. Zisipokutana, nimeziacha peke yake. Muhtasari wa Taasisi ya Elimu haukupunguzwa hata mada moja, kwa hiyo mthibiti ubora akija atakuta kila kitu chake. Saa za dawati zimeshuka. Mkondo wa amali nimependekeza uanze na kilimo, kwa kuwa ardhi ipo na watoto ni wa wakulima.

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwa walimu. Somo la pamoja linataka watu wawili wakae meza moja na andalio moja la somo, na wawili hao hawako sawa. Mwalimu wa Jiografia ana shahada, ana mkataba na bima. Ustadhi katika shule nyingi nilizopita analipwa kwa michango ya wazazi, inayokuja ikija, na hakuna aliyewahi kumpeleka mafunzo yoyote ya ufundishaji. Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Waislamu tangu 2005, kinafundisha ualimu, na baadhi ya maustadhi hawa wana uwezo wa kusoma huko kama mtu angewalipia. Mzee mmoja wa kamati alisema jambo la mishahara liahirishwe kwanza, tumalize mtaala. Nilimwambia, "Shikamoo mzee wangu, lakini mtaala wa dini tunaotaka kuumaliza ni kazi ya Ustadhi, na Ustadhi hayupo kwenye bajeti." Kikao kijacho ni baada ya mavuno. Nimeomba ajenda ya kwanza iwe mshahara wake, ndipo tufungue ukurasa wa ratiba.